Mgombea Asiyetaka Kujulikana

Mama Mapacha alikuwa anapiga pasi shati la mumewe, na moyo wake ulikuwa moto kuliko pasi.

Mumewe alikaa mezani na fomu ya kugombea ubunge. Alifanya kazi ya usalama wa taifa miaka ishirini na miwili, kisha akastaafu. Fomu ilitakiwa kurudishwa leo kabla ya saa kumi jioni. Nusu yake ilikuwa tupu.

"Baba Mapacha, hapa pa kazi umeandika 'mtumishi'. Mtumishi wa nani?"

"Inatosha."

"Na wadhamini ishirini na watano wako wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani! Juzi fundi cherehani aliuliza nani anagombea. Ulikuwa pale pale, ukanyamaza kama gogo!"

"Nilikuwa namsikiliza."

"Unamsikiliza au unampeleleza?"

Mama Mapacha alichoka. Akamwita jirani yao, mama aliyewahi kuwa karani wa uchaguzi. Jirani alivaa miwani, akasoma fomu yote.

"Shemeji, hii itakataliwa. Wadhamini lazima waandike majina yao na kutia sahihi wenyewe. Barua ya kuacha kazi pia haipo. Tena jua kwamba fomu itabandikwa ukutani. Mwenye pingamizi ataleta."

"Isomwe na kila mtu? Niliapa kutunza siri!"

"Zitunze. Hatukuulizi ulifanya nini huko. Tunauliza ulifanya kazi wapi na uliacha lini. Mpiga kura ana haki ya kujua anamchagua nani."

Mama Mapacha akamtupia mumewe shati.

"Vaa, toa na ile barua ya kustaafu kabatini, twende."

Walianza kwa fundi cherehani. Mgombea alikohoa mara tatu.

"Mimi... nilikuwa afisa usalama. Nimestaafu. Nagombea ubunge. Naomba unidhamini."

Fundi alicheka hadi akashika cherehani. "Mzee, mtaa mzima tunajua! Tulikuwa tunasubiri useme mwenyewe. Lete kalamu."

Saa tisa na nusu fomu ilipokelewa, ikiwa na sahihi zote na barua. Ilibandikwa ukutani. Watu waliisoma, na hakuna aliyepinga. Siku ya kura alishinda.

Kwenye mkutano wake wa kwanza, mwanamke mmoja alisimama.

"Mheshimiwa, zahanati yetu itapata daktari lini?"

Mbunge akamgeukia mkewe.

"Usinitazame mimi," Mama Mapacha alisema. "Umeulizwa wewe."

Mbunge akajibu mwenyewe, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma.