Sifuri kwenye Tokeni za Ziwa

Jumanne asubuhi, katika biro ya ushirika wa wamama wauza ndagala, dagaa wa Tanganyika, mjini Kalemie, Olga alifungua pochi ya tokeni kwenye ordinateri, ile kompyuta ya biro, akaikuta tupu.

Tokeni hizo, sarafu za mtandaoni, ziliitwa Ziwa. Shirika moja la ng'ambo liliwatumia wamama kama zawadi ya kukataa ndagala waliovuliwa kwa chandarua, nao walizitunza ili siku moja wanunue mashine ya barafu. Olga, mhasibu wao, alikuwa akitayarisha hesabu za kodi. Programu ya kodi hujitafutia bei ya kila tokeni mtandaoni. Ya Ziwa haikuipata, na mtu alikuwa amejaza sifuri. Olga akakataa. Kukosa bei si kukosa thamani. Akatafuta, akagundua kumbe wanunuzi wapo. Ndipo alipofungua pochi.

Kufika adhuhuri soko linajua, bandari inajua, na kila mdomo umetia chumvi yake: Olga ameiba! Sifuri ile si iliandikwa kwa jina lake? Mbaya zaidi, Jumamosi familia ya mchumba wake ilikuwa ilete mahari, na shangazi za bwana walikwisha kusema wao hawaoi jela.

Mireille, mpelelezi wa polisi, aliingia biro mchana huo akiwa na amri ya wakubwa: jioni wapate mtu wa kufunga.

"Nani anajua neno la siri la pochi?"

"Watatu, Mama," Olga alijibu, macho mekundu. "Mimi, Wilfried aliyetuwekea programu, na Mama Pélagie, prezida wa ushirika wetu."

"Na sifuri?"

"Ordinateri yangu inabaki wazi kutwa. Muntu yeyote wa biro anaikalia."

Wilfried, kijana wa Lubumbashi mwenye miwani myeusi na pikipiki mpya, hakumpendeza Mireille hata kidogo.

"Moto hii umenunua na nini?"

"Na deni, Mama. Ukitaka kunisaidia kulipa, karibu."

Hata hivyo alimfungulia orodha ya tokeni zilizotoka, ambayo mtu yeyote mtandaoni anaweza kuiona. Zilitoka mara tatu, kwa mnunuzi mmoja. Kila mara elfu, halafu, baada ya kitambo, ishirini.

"Hizi ishirini ni za kujaribu njia," Mireille alisema, ili naye aonekane anajua.

Wilfried alicheka. "Ya kujaribu inatangulia, Mama! Unatuma kidogo, unaona imefika, njo unatuma mingi. Ukikosea anwani, hairudi. Miye na Olga njo vile tunafanyaga. Huyu ametuma mingi kwanza. Kidogo ya nyuma ni ya kazi gani?"

Anwani ya mnunuzi ilikuwa kwenye tangazo lake mtandaoni; Mireille alimpata kwa simu, mbadilishaji pesa wa Kigoma.

"Sura yake siijui, tuliandikiana tu. Nilimlipa dola za mtandaoni, nazo hazina jina."

"Ulinunua ngapi?"

"Elfu elfu. Zile ishirini sikuziomba. Ananiongezea tu."

Mireille akashuka sokoni. Mama Pélagie alikuwa mezani pake, anapima ndagala huku akiongea na watu watatu kwa pamoja.

"Olga ni mutoto muzuri, lakini tamaa, mama yangu! Miye mambo ya tokeni siyajui, miye ni wa samaki." Alimimina kopo kwenye mfuko wa mteja, akatupia konzi moja ya nyongeza juu. "Matabishi yako hiyo. Kesho usipite kwa mwingine!"

Mireille aliitazama ile konzi.

Saa kumi ukumbi wa ushirika ulijaa hadi madirishani. Olga alikaa mbele peke yake. Viti vya kando yake hakuna aliyevitaka.

"Mwizi nimemkaribia," Mireille alianza. "Mnunuzi wake amelalamika sana. Anasema ameuziwa na muntu mchoyo kuliko wote wa ziwa hili. Ananunua elfu, hapewi hata moja ya matabishi."

Wamama waliguna kwa aibu.

"Muongo huyo!" Mama Pélagie alikuwa amesimama. "Ishirini kila mara! Hata mara moja sikumunyima!"

Ukumbi mzima ukamgeukia. Mama Pélagie akatafuta kiti kwa mkono, akakikosa.

"Nani alikuambia ishirini, Mama?" Mireille aliuliza polepole. "Miye sikutaja hesabu."

Mama Pélagie alijaribu kucheka, akashindwa. Injini ya boti yake, alisema, ilizama karibu na Zongwe, naye akaificha habari. Prezida anayelisha kila harusi angewezaje kuomba ndagala wa mkopo kwa wale wale aliozoea kuwacheka? Alimwona Olga akijaza bei, akajifunza; tokeni akaziuza apate injini nyingine.

"Nikaandika sifuri. Nilijua sifuri hakuna anayeiuliza."

"Na ukaniacha miye nifungwe," Olga alisema.

"Nilidhani watakuachilia."

Mireille alimshika mkono akamtoa nje. Mara wamama wakamzunguka Olga, kila mmoja na pole yake, mwingine anamfuta machozi kwa kitenge. Olga akausukuma mkono.

"Pole muweke. Asubuhi jina langu mulilifikisha bandarini mbele ya saa sita. Leo mutembee tena. Muanzie kwa shangazi za bwana, wote, na museme kwa sauti ile ile."

Walitazamana. Kisha yule aliyesema zaidi kuliko wote asubuhi akafunga kitenge kiunoni, akatangulia mlangoni.