Goti la Kushoto

Suruali iliruka kabla Eliamani hajaamua kuruka. Ufa ulikuwa na upana wa mita moja na nusu, na alipotua upande wa pili akajikuta anacheka kwa woga.

Kampuni iliyoiunda iliiita suruali-misuli. Ilifumwa kwa nyuzi zilizokaza na kulegea mithili ya nyama ya mtu, na kwenye kila goti kulikuwa na jicho dogo lililosoma mawe. Aliyeivaa alikimbia juu ya kigongo cha Mlima Meru kana kwamba yuko barazani kwake. Tangu alfajiri Eliamani alikuwa ameshapita msitu na vichaka, na sasa jua lilikuwa utosini naye hajachoka. Hilo lenyewe lilimtia shaka. Mlima haukuwahi kumpa mtu kitu cha bure.

Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa wapagazi. Akimaliza mbio hizi za majaribio na kusema suruali ni salama, wapagazi thelathini na wawili wangeivaa Jumatatu. Akikataa, kampuni ingeondoka na mashine zake. Basi neno lake lilikuwa na uzito, na walilitaka kweli, maana juzi walimletea hata keki.

Keki haikumlainisha. Kaka yake, Ndekirwa, aliwahi kuijaribu suruali hiyo ilipokuwa changa, na miaka mitatu iliyopita alianguka kwenye kigongo hiki hiki. Barua ya kampuni ilisema siku hiyo aliivua kwenye kibanda cha kampuni, chini ya mlima, akapanda kwa miguu yake. Ndekirwa, aliyejivunia suruali ile hata akaenda nayo kanisani! Eliamani aliisoma barua ile mara nyingi, na kila mara ilinuka uongo.

"Dada Eliamani, unaendeleaje?" Sauti ya Mhandisi Lusajo ilimfikia kwenye kifaa cha sikioni. Alikuwa chini kibandani, mbele ya skrini zake.

"Naendelea. Hii suruali ilifundishwa na nani kutembea?"

"Hesabu tupu, dada. Hakuna binadamu ndani yake."

Wakati huo alifika Jiwe la Fisi, mahali baba yao alipofia akiwa na mzigo wa wageni mgongoni. Mguu wake wa kushoto ukapunguza mwendo. Kisha goti la kushoto likakunjwa, taratibu, mpaka likagusa ardhi.

Eliamani hakuwa amelikunja yeye.

Kwao, anayepita alipofia mpagazi huweka jiwe. Baba alikuwa mtu wa shoto, kwa hiyo Ndekirwa alipiga goti la kushoto na kuweka jiwe kwa mkono wa kushoto. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo, hata Eliamani mwenyewe.

"Mhandisi, hesabu gani hiyo inayopiga goti?"

"Pengine... kokoto imeingia kwenye kiungo."

Angeweza kuivua pale pale, lakini alitaka kujua, na mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akaendelea.

Mbele, kigongo kilisinyaa. Upande mmoja kreta, upande mwingine mawingu, na njia yenyewe haikuzidi upana wa benchi. Suruali ilimkimbiza juu ya mawe bila kusita. Halafu, kwenye mwamba mwekundu, ikafa.

Alianguka kifudifudi, miguu ikining'inia upande wa kreta. Alikwaruza, akashika ncha ya jiwe, akajivuta kwa mikono peke yake huku akilia jina la mama yake. Alipopata pumzi akatambaa nyuma hatua mbili. Suruali ikaamka. Akanyoosha mguu mmoja mbele. Ukazimika. Kwingine kote iliujua mlima jiwe kwa jiwe, ila hapa haikukumbuka kitu.

"Mhandisi," alisema. "Kwenye mwamba mwekundu kuna shimo katika kumbukumbu ya suruali yenu. Nusura niingie."

Kwenye kifaa alisikia mtu anavuta kiti.

"Nilifuta anguko la kaka yako tu, dada," Lusajo alisema. "Waliniamuru. Sikujua na njia imefutika pamoja nalo. Wallahi sikujua."

"Alikuwa ameivaa."

"Alikuwa ameivaa. Ilikosea hatua. Nisamehe."

Eliamani alitaka kumtukana, akakosa tusi la kutosha. "Maneno hayo utayarudia mbele ya wapagazi wote, leo hii. Na hakuna atakayeivaa."

"Nitayarudia."

Akaivua, akabaki na bukta, upepo ukimchoma mapaja. Aliokota jiwe, akapiga goti kwa nguvu zake mwenyewe, akaliweka juu ya mwamba mwekundu kwa mkono wa kushoto. Kwa dakika nzima alifikiri kuitupa suruali kretani. Mwishowe akaitundika begani, akaanza safari ndefu ya kushuka, akipapasa kila jiwe kabla ya kulikanyaga. Magoti yalimuuma. Maumivu hayo aliyafurahia.

Jua lilikuwa limeinama alipofika tena Jiwe la Fisi. Alikuwa amechoka sana, akapanga kupita tu bila kuweka jiwe.

Begani, mguu mtupu wa suruali ukajikunja. Goti la kushoto, taratibu, likamgusa kifuani.

Eliamani akasimama. Akainama, akaokota mawe mawili, lake na la Ndekirwa.