Rafiki Alinifungia Mulango ya Médecine

Niko na miaka makumi mbili na mbili, mutoto wa Katuba, hapa Lubumbashi. Siandike hii mambo juu munionee huruma. Huruma ya bantu nilikula mpaka nikashiba! Naandika juu kasirani ingali inanichoma, na juu binti mwingine asipite njia yenye nilipita.

Mu quartier yetu bananiita Docta. Tangu utoto! Papa alikuwa anaendesha camion kubwa ku mine ya shaba, upande wa Kinsevere, mpaka siku mugongo ilimukatalia. Nilikuwa mudogo, namukanda na maji ya moto, na yeye anasema: "Huyu ndiye munganga wangu." Mama wa jirani akasikia... basi, imekwisha! Unaenda kununua makala: "Docta, karibu!" Unatoka ku misa: "Docta, papa anaendelea namna gani?" Na mimi hata seringue ya kuchoma sindano sijashika bado.

Nilipopata diplôme ya secondaire, ikabaki concours, mutihani ya kuingia mu faculté ya médecine, kule bantu banasomea kuwa badocta. Nafasi kidogo, bantu bengi. Rafiki yangu Clarisse naye alikuwa anaitaka. Clarisse huyu tulikaa banc moja tangu primaire! Akipata beignet, anakata nusu, ananipa. Nani angemushuku?

Yeye ndiye alisema: "Docta, kidole moja haiue chawa. Tugawane masomo." Banafunzi bengi huku kwetu banafanya vile: kila moja anabeba somo yake, anaielewa mpaka mwisho, halafu anafundisha mwenzake. Mimi nikabeba biologie. Yeye akabeba chimie. Physique tulifanya pamoja.

Bandugu, nilimufundisha yule binti na roho yote! Courant ya umeme ikikatika, tunatoka ku veranda, nachora moyo ya muntu chini ku simenti na kipande ya makala, damu inaingia huku, inatoka huku... mpaka aseme ameelewa. Sikumuficha hata neno moja.

Siku moja akaja na siri. Alisema cousin yake, mwenye kusoma kule faculté, alimuambia kwamba chimie organique haitatoka mu concours mwaka ule. Tuiache, tusichoshe kichwa bure. Nikafurahi! Chapitre kubwa vile, imetoka njiani! Sikwenda kuuliza popote. Neno ya Clarisse ilinitosha.

Siku ya concours, nikageuza karatasi... Eh Mungu wangu! Chimie karibu yote ni organique! Nikainua macho kumutafuta Clarisse. Nikamuona kule mbele, ameinama, anaandika bila kupumzika. Nikawaza, maskini, naye anajaza-jaza tu kama mimi.

Kule inje tukakumbatiana. Nililia, naye akalia, akimutukana yule cousin yake. Alilia, munasikia? Machozi ya kweli, inateremuka mpaka ku kidevu!

Matokeo ikatoka. Clarisse ameingia. Mimi nimeanguka.

Papa alibakisha bukari, ugali yetu, mu sahani, akaenda kulala. Tantine Béa, dada yake, mwenye kubadilisha franga na kwacha kule Kasumbalesa, ku mupaka na Zambia, alisema inatosha sasa, huyu Docta aje amusaidie ku meza yake pale mupaka. Na mu quartier bakaendelea kuniita Docta, lakini bakisha kuniita, banacheka.

Hata hivyo nikaenda ku fête ya Clarisse. Kwetu muntu akifaulu, banamumwangia poudre nyeupe, ile ya kupakaa batoto, ku kichwa, banacheza naye mu barabara. Nikanunua kopo ya poudre. Nikamumwangia kidogo, nikacheza, nikapiga hata bigelegele. Mama yake, mama muzuri mwenye hana ubaya, akanishika mukono na furaha. "Mutoto wangu aliteseka! Ile chimie organique, kila asubuhi mbele aende ku misa anaisoma hapa na sauti, mpaka mimi mwenyewe niliishika mu kichwa!"

Na akaanza kuniimbia: "Méthane, éthane, propane, butane..."

Mama wee! Nikamuvuta Clarisse nyuma ya nyumba, nikamuuliza kama ule cousin yuko kweli. Akaangalia chini. Poudre ilikuwa inamuanguka ku nyusi.

"Nafasi ni kidogo, Docta," akasema. "Na weye unanipita akili. Tungesoma sawasawa, weye ungeingia, mimi ningebaki."

"Na ile moyo yote nilikuwa nakuchorea?"

Akajipangusa poudre ku nyusi. Nilitaka kumupiga, sifiche! Lakini nikafunga kopo yangu, ilikuwa ingali karibu kujaa. Nikamuambia: "Hii naibeba. Ni yangu." Nikapita katikati ya bantu bote na uso juu, nikarudi kwetu.

Kopo nikaiweka juu ya kabati, pale papa anaiona akila. Tantine akauliza ni ya nini. Nikamujibu ni ya mwaka kesho! Akacheka. Papa hakucheka. Alisema baniache nijaribu tena, lakini mwaka moja tu.

Kesho yake nikaenda mimi mwenyewe ku faculté kuuliza programme ya concours, orodha ya masomo yenye itatoka. Aka! Kumbe iko inabandikwa pale ku mulango, muntu yeyote anasoma! Nikaanza na organique. Kila nikichoka, nasikia Mama Clarisse anaimba: méthane, éthane, propane... na kasirani inaniamusha. Bantu bakipita bakicheka, "Docta!", nabaitikia na sauti kubwa: "Karibu!"

Mwaka huu nimeingia!

Papa alipanda juu ya kiti, na ule mugongo yake, akanimwangia kopo yote mpaka nikakohoa. Mama Clarisse alikuja, nikamukumbatia, juu yeye hana kosa. Nyuma yake, ku mulango, binti yake alisimama. Akanyosha mukono, anaomba poudre kidogo naye animwangie. Nilimupa mukono ya salamu. Halafu nikamuambia poudre imeisha.

Basomaji benzangu, kidole moja haiue chawa, ni kweli. Fundishaneni, hata mimi nafundisha benzangu mpaka leo. Lakini usimuachie muntu somo nzima akushikie mu kichwa yake, hata kama mulinyonya ziwa moja! Nenda usome mwenyewe pale ku mulango ya faculté. Na siku mwenzako atakuangusha kwa hila, nakuomba, usikubali bakuzike ku meza ya Kasumbalesa. Funga kopo yako, rudi nayo ku nyumba, uanze tena. Poudre haioze.