Mlango wa Kushoto

Rafiki yangu Mokaya, fundi wa kiwanda cha majani chai huko Mogogosiek, alitamani gari la mbio la zamani tangu utotoni. Mwaka mmoja baada ya kumzika mkewe Nyambeki, akapata nakala yake tu, bodi ya plastiki ya faiba juu ya fremu ya Volkswagen. Mlango wa kushoto, wa abiria, ulikuwa umechorwa tu, haufunguki.

“Sina wa kumfungulia,” aliniambia.

Jioni moja alikuwa akitoka Kericho kununua sukari, ukungu ukamfunika. Kwenye mteremko akazima injini, kama sisi sote tulivyookoa petroli siku hizo. Giza, kimya, magurudumu tu.

Akasikia mlango wa kushoto ukifunguliwa, halafu ukafungwa taratibu. Gari likainama kidogo upande ule.