Kona ya Kinu

Saa saba mchana Verna alirudi nyumbani na unga kwenye viatu.

Delmar aliona alama nyeupe kwenye mkeka, akadhani ni theluji. Akagusa. Haikuyeyuka.

"Umepitia wapi, mke wangu?"

"Kwa Bi Opal, kumpelekea vitabu vya maktaba. Nilipotea, nikampigia simu, akaniambia nikate kushoto kwenye kinu. Mbona hujawahi kunionyesha kile kinu? Nikashuka kukitazama, mzee mmoja mlangoni akanikaribisha ndani."

Delmar alikaa kitako. Kinu cha unga cha mji wa Corliss kiliungua miaka arobaini na miwili iliyopita pamoja na watu sita. Yeye na darasa lake zima walisimama barabarani kutazama. Tangu hapo kona ile ni nyasi na uzio, lakini hakuna aliyewahi kuitaja kwa jina jingine. Ndivyo wanavyoelekezana Corliss: pinda palipokuwa na benki, nyoosha hadi shule iliyobomolewa. Delmar mwenyewe, fundi wa vibao vya barabarani, alikuwa hivyo hivyo. Verna hakuwa mwenyeji. Alitoka Nebraska kuja kuolewa, mwaka wa pili sasa.

"Usirudi kule."

"Mwanamume mzima unaogopa unga?" Akacheka, akaenda kunawa.

Wiki ile nyumba ilianza kunuka mkate ulioungua. Verna alikohoa vumbi jeupe kwenye leso. Akiwa anaosha vyombo alisimama ghafla, kichwa upande, akisikiliza. "Mawe ya kusagia yameanza kuzunguka," alisema taratibu. "Leo wamechelewa."

Delmar alikwenda kwa Mchungaji Reinholt. Mchungaji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Mimi na wewe tulikiona kikiungua, Delmar. Hatuwezi kukiona tena hata tukikitaja mara mia. Yeye aliambiwa kipo, akaamini. Pepo aliyemo mle hahitaji zaidi ya hapo."

"Nifanye nini, Mchungaji?"

"Watu wanyamaze. Mji mzima. Kisipotajwa kitakosa pa kusimama."

Wakaitisha mkutano katika ukumbi wa wazima moto. Wengine walicheka, wengine waliinamisha vichwa. Wote walikubali. Mwenyekiti akafunga kikao: "Basi Jumanne tena, hapa hapa. Wageni waambieni ni mbele kidogo ya ki—"

"Funga mdomo, Lyle!" mkewe alimkaripia.

Lakini walijitahidi. Siku tisa hakuna aliyeteleza. Harufu ikapungua. Verna alikula, akalala, akamtania Delmar kwa kukoroma.

Siku ya kumi, saa nane mchana, maktaba anakofanya kazi Verna walipiga simu: hajarudi. Delmar aliendesha moja kwa moja hadi ile kona. Gari la vitabu lilikuwa limeachwa mlango wazi. Verna alikuwa ameshavuka uzio, amesimama bila koti katikati ya uwanja mtupu, akigeuka huku na huku kama mtu aliyepotelewa na nyumba yake mwenyewe.

"Kimeenda wapi?" alilia. "Del, wamekipeleka wapi?"

Delmar alimkumbatia, akamvuta, lakini alikuwa mzito kama gunia lililojaa, hakusogea hata hatua moja, na midomo yake ilikuwa imekuwa ya bluu, kwa hiyo akatoa simu kwa mkono mmoja, akapiga namba ya dharura.

"Uko wapi, bwana?" mwanamke aliuliza.

Kibao cha barabara kilikuwa mbele ya macho yake, alikisimika yeye. Lakini mkewe alikuwa anaganda mkononi mwake, na ulimi wa Delmar ulikuwa na miaka hamsini na minne ya Corliss.

"Kinuni," alisema. "Njooni haraka, tuko kinuni!"

Verna akatabasamu. "Kumbe kile pale."

Akawa mwepesi, akamponyoka, akapanda ngazi ambazo Delmar hakuziona, moja, mbili, tatu, miguu yake hewani juu ya theluji bila kitu chini yake, akageuka kidogo kama anayemwamkia mtu mlangoni, na hapakuwa na mtu tena.

Corliss hawakitaji kinu siku hizi. Wana jina jingine: pinda kushoto pale alipo mke wa Delmar. Hawana ubaya, wamezoea tu.

Delmar huenda pale kila mchana. Huona nyasi. Mwezi uliopita dereva wa lori, mgeni, alisimama pembeni yake akashusha kioo.

"Mzee, wameniambia nipinde kwa huyu mama. Ndiyo hapa?"

"Mama gani?"

"Huyu hapa amekushika mkono." Dereva alimtazama kwa hasira. "Analia hivyo, mbona humjibu?"