Mapigo Yaleyale

Kilomita nne chini ya Jiji la Rungwe, roboti-mchimbaji namba saba ilikuwa ikitoboa mwamba wa moto. Mikono iliyoiongoza ilikuwa juu, kwenye ukumbi wenye zulia na chupa za chai.

Mikono hiyo ilivaa glovu-hisi. Nyuzi zake zilipeleka kila mjongeo wa kidole hadi kwenye vyuma vya chini, na zikarudisha juu joto na ugumu wa jiwe. Mwongozaji akishika, roboti inashika. Mvuke uliotoka huko ndio ulioendesha jiji zima, kuanzia treni hadi majiko. Ila glovu hizo zilikuwa na kazi ya pili, na hiyo ndiyo iliyowanyima watu usingizi. Zilisikiliza mapigo ya moyo na kuyapeleka kwa Mizani.

Mizani ilikuwa akili unde iliyopanga ujira. Kila baada ya zamu ilimpa mwongozaji daraja, kati ya moja na mia, na mshahara ulifuata daraja. Aliyeshuka chini ya sitini aliondolewa siku hiyohiyo, na nyumba ya kampuni akaihama. Daraja lilitokea upande wa ndani wa kifundo cha glovu, mwenyewe alione peke yake, na kumtajia mwenzako lilikuwa kosa. Ujanja mtupu, ukiniuliza mimi. Watu wasioambizana watalinganishaje?

Tusekile Mwakyoma alikuwa na miaka kumi na sita kazini na daraja la sitini na moja. Kila zamu Mizani ilimwandikia neno lilelile: hofu. Naye aliamini. Alijiona mwoga aliyebahatika kuvumiliwa, akaishi roho mkononi na mama yake ambaye miguu ilikuwa imekataa kazi, katika nyumba ya kampuni yenye vyumba viwili.

Asubuhi ya Jumanne, Ambakisye, aliyekaa kiti cha jirani yake, alivaa glovu zake, akaingiza namba yake, kisha akazivua akaenda kufuata chai. Ni kosa dogo, kila mtu alilifanya. Mara kengele ikalia. Roboti yake, iliyoachwa keekee ikizunguka, ilikuwa imetoboa mfuko wa tope moto, nalo tope likaanza kupanda. Tusekile hakuwaza. Alirukia kiti cha mwenzake, akaingiza mikono kwenye glovu zilizompwaya, akaanza kuivuta roboti nyuma. Joto lilimpanda hadi viwikoni. Moyo ulimwenda mbio mpaka akausikia masikioni. Dakika tano baadaye roboti ilikuwa salama, na yeye ameloa jasho.

Ndipo akatazama kifundo. Kiliandika: *Mapigo mia na arobaini. Ujasiri. Daraja: tisini na mbili.*

Alisoma mara tatu. Wiki iliyopita aliokoa roboti yake mwenyewe kwenye tope kama hilo, kwa mapigo mia na arobaini, na kifundo chake kikamwandikia hofu. Mikono ileile, moyo uleule. Kilichobadilika ni namba ya usajili tu, na namba hii ilikuwa ya mwanamume.

Ambakisye aliporudi na vikombe viwili, alimwonyesha. Kijana huyo, nasema kijana ingawa alishaanza kuota mvi, alifundishwa kazi na Tusekile mwenyewe, kidole kwa kidole. Alisoma, akakaa chini taratibu.

"Dada, mimi nilidhani wote tuko tisini," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini usiseme. Watakuondoa wewe, hawataiondoa mashine."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Usiku ule Tusekile hakula. Mama yake alimwuliza, akajibu kwamba amechoka tu. Alikuwa akipiga hesabu ya kutisha. Akisema, ataogopa, na daraja litashuka. Akinyamaza, kesho atavaa glovu na siri hii kifuani, moyo utamdunda, na daraja litashuka vilevile. Kati ya sitini na moja na mtaani palikuwa na hatua mbili. Basi liwalo na liwe.

Sasa sikia kanuni yao ya malalamiko. Mlalamikaji alisimama mbele ya ukumbi mzima, amevaa glovu zake, na daraja lake likaoneshwa ubaoni, eti ukweli uonekane. Katika miaka kumi na sita Tusekile hakuwahi kumwona mtu akilalamika.

Asubuhi iliyofuata alisimama. Waongozaji ishirini na watatu walimtazama, tisa kati yao wanawake.  Kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, ubao ulitoka sitini na moja ukaingia sitini. Mtu mmoja nyuma akaguna.

Meneja Lwitiko hakuwa mtu mkali. Alimsikiliza hadi mwisho, akaeleza kwa upole kwamba Mizani haijui mwanamke wala mwanamume, yenyewe inajua namba na mapigo tu. Ilifundishwa kwa ripoti za wasimamizi za miaka arobaini, na ripoti hazisemi uongo.

"Wasimamizi hao walikuwa akina nani, meneja?" Tusekile aliuliza. "Mwanamume moyo ukimwenda mbio, waliandika jasiri. Mwanamke, waliandika mwoga. Mashine imesoma, imeamini."

Lwitiko akatabasamu, akasema hayo ni maneno mazito bila ushahidi.

Tusekile alivua glovu akamnyooshea. "Vaa zangu."

Meneja alicheka. Akatazama ukumbi, akaona hakuna mwingine aliyecheka. Sasa angekataaje? Akazivaa, zikambana vidole, akasimama mbele ya macho yote yale. Ubao ukafikiri kidogo, kisha ukaandika: *Mapigo mia na thelathini. Hofu. Daraja: hamsini na tisa. Tusekile Mwakyoma ameondolewa kazini.*

Taa ya kijani kando ya jina lake ikazimika.

Jamani. Alikuwa amewaza ushahidi tu. Hakuwaza kwamba namba ile ni yake, na kwamba hofu ya mwanamume huyu ingelipwa na yeye. Alishika ukingo wa meza. Alimwona mama yake amekaa kitandani, akingoja kuambiwa wanahamia wapi.

"Hapana," Lwitiko alisema, akiuambia ubao.  "Hayo si mapigo yake. Ni yangu."

Ubao haukubadilika. Lakini ukumbi mzima ulikuwa umesikia.

Ambakisye alikuwa ameinamisha kichwa tangu mwanzo. Sasa aliinuka, akaja mbele na glovu zake mkononi.

"Na hizi, meneja," alisema. "Kwa moyo huohuo."

Lwitiko alizivaa polepole, kama anayeshika waya asiojua kama una umeme.  *Mapigo mia na thelathini na tano,* ubao ukaandika. *Ujasiri. Daraja: tisini na tatu. Hongera, Ambakisye.*

 Subilaga, mama mtu mzima wa kiti cha kwanza, alitazama kifundo chake, kisha akamgeukia mwanamume wa kiti jirani na kumwuliza waziwazi, "Wewe una ngapi?"  Yule akataja. Subilaga akavua glovu, akaziweka juu ya meza. Mwanamke wa kiti cha tatu naye akauliza, naye akavua, na wa nne, hadi mezani zikawa jozi tisa na za Tusekile.

Chini kabisa, roboti tisa zilisimama kwenye mwamba. Taa za ukumbi zikafifia kidogo. Jina la Tusekile lilikuwa bado giza ubaoni, na hakuna aliyejua kama kesho litawaka.  Alitazama mikono yake mitupu, akahesabu mapigo yake mwenyewe kimya, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na kitu cha kumwambia yanaitwaje.