Plamu Haizai Peke Yake

Kila asubuhi Yeonok alikagua bustani kwanza, ndipo akapika wali. Ilikuwa desturi yake tangu yeye na mumewe walipohamia kijijini kumtunza mama mkwe. Asubuhi moja ya Aprili alifika kwenye tuta la pilipili akasimama, mikono kichwani.

Miche yote arobaini ilikuwa imelala chini. Majani yalikuwa meusi, kana kwamba mtu ameyamwagia maji ya moto.

"Kuna nini tena huko?" Bibi Geumrye aliuliza kutoka barazani.

Bibi Geumrye ndiye mama mkwe wake. Alikuwa na miaka sabini na nane. Alikuwa ameilima bustani hiyo miaka hamsini, mpaka alipoanguka akavunjika nyonga. Sasa alikaa barazani na kutazama. Jembe lilikuwa mikononi mwa Yeonok, aliyekulia mjini ghorofani.

"Pilipili zimekufa, mama."

"Ni jalidi hiyo. Huoni nyasi zilivyokuwa nyeupe? Umande umeganda juu ya majani usiku kucha."

"Lakini miche ilikuwa inauzwa sokoni!"

"Sokoni wanauza hata majeneza. Nayo utanunua?"

Yeonok aliingia ndani kupika, machozi yakimlengalenga.

Walipokaa kula, mumewe Byeonggu alitikisa kichwa. "Bustani hii inatutesa bure. Na ule mti wa plamu nao, mwaka wa tatu huu unatoa maua tu. Tunda hata la dawa hakuna. Jumapili naukata, nimwage sementi mpaka ukutani."

Bibi Geumrye aliweka kijiko chini. Hakula tena. Na mchana hakula pia.

"Mama, unaumwa?" Yeonok alimuuliza alipokuwa akimkanda miguu.

"Siumwi."

Kisha akasema bila kumtazama. "Nilipoolewa humu, kila kitu kilikuwa cha mama mkwe wangu. Hata sindano ya kushonea niliomba. Mche wa plamu ule nilitoka nao kwetu. Ni kitu pekee nilichoweza kusema hiki changu." Akacheka kidogo. "Acha aukate. Mti usiozaa ni kuni tu."

Yeonok aliendelea kukanda miguu ile. Miaka yote aliamini kwamba mwanamke huyu hajui kuumia. Sasa alijisikia vibaya. Moyoni aliapa kuuokoa mti ule.

Lakini angeuokoaje? Aliwaza kwamba labda wadudu ndio wanaokula maua. Jumamosi mti ulipochanua mweupe wote, alijaza dawa ya wadudu kwenye bomba, akalibeba mgongoni.

"We Yeonok! Weka chini hilo bomba! Chini, nimesema!"

Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa ya jirani yao, Mama Seongil, mfugaji nyuki. Alikuja mbio, buti zimejaa matope.

"Unataka kuniulia watoto wangu?"

"Watoto gani?" Yeonok aliuliza kwa hofu.

"Nyuki! Mti ukichanua hupulizi dawa ya wadudu. Ukipuliza, unawaua nyuki, na bila nyuki hupati tunda. Subiri maua yaanguke yote. Hata hapo, kagua kwanza kama wadudu wapo kweli. Haya, niambie, mti huu una shida gani?"

"Hauzai. Mwaka wa tatu sasa."

Mama Seongil aliuzunguka mti. Alikwaruza gamba kwa ukucha, akaona rangi ya kijani. Akatazama matawi, kisha gari la Byeonggu lililoegeshwa kando, juu ya sementi. "Mti mzima kabisa huu. Pale penye gari palikuwa na nini zamani?"

"Palikuwa na mti wa plamu za manjano," Bibi Geumrye alijibu kutoka barazani. "Mwanangu aliukata apate pa kuegesha."

Mama Seongil akajipiga paja. "Basi mmeufanya mti huu mjane!"

"Mjane?"

"Miti mingi ya plamu ya huku haizai kwa chavua yake yenyewe. Chavua ni ule unga wa manjano ulio ndani ya ua. Mti unataka chavua ya plamu ya aina nyingine, inayochanua wakati mmoja nao. Nyuki ndiye mshenga anayeileta. Mlipoukata ule, huyu alibaki na maua bila mume."

Wakati huohuo Byeonggu akatokea na msumeno mkononi. Alitaka kuanza kazi mapema.

"Vizuri, umeleta msumeno," Mama Seongil alisema. "Twende kwangu ukanikatie matawi matatu ya plamu ya manjano."

"Mimi nimekuja kukata huu."

"Na mimi nimesema twende."

Byeonggu akaenda.

Walirudi na matawi yaliyojaa maua. Wakayatia kwenye ndoo ya maji, wakaifunga ndoo katikati ya mti. "Badilisheni maji kila siku, maua yasinyauke," Mama Seongil alieleza. "Na siku ya baridi au mvua nyuki hawatoki. Siku hiyo kazi ni yenu. Chukueni brashi laini. Gusa ua la tawi hili, kisha gusa ua la mti."

Siku mbili zilizofuata baridi ilikaza. Yeonok alitoa brashi yake mpya ya poda. Byeonggu alipanda ngazi nayo.

"Lile la juu umeliruka!" Bibi Geumrye alipaza sauti.

"Mama, niko kwenye ngazi, si kwenye mtihani!"

"Paka vizuri! Bibi harusi hapakwi poda shavu moja!"

Wote watatu walicheka. Yeonok hakukumbuka ni lini walicheka pamoja hivyo.

Pilipili nazo hawakuziacha. Mama Seongil aliwaambia wangoje mpaka Sikukuu ya Watoto ipite, mwezi wa Mei, jalidi iishe, ndipo wapande miche mipya. Aliwaonya wasitie samadi mbichi, kwa sababu inaunguza mizizi. "Iliyooza vizuri ukiishika haina joto, na ukiinusa hainuki. Na usiku ukitisha kwa baridi, funika miche kwa kitambaa. Asubuhi funua." Yeonok alifanya hivyo. Mche hata mmoja haukufa.

Maua ya plamu yalipopukutika, Yeonok alisogea karibu na tawi. Kila mahali palikuwa na vitunda vya kijani, vidogo kama shanga.

"Mama!" aliita. "Mama, yameshika!"

Bibi Geumrye alifumba macho.

Matunda yalipokuwa kama gololi, Mama Seongil aliwaamuru wapunguze. Kati ya tunda na tunda pabaki nafasi ya ngumi moja. Yeonok aliona uchungu kuyaangusha. "Ukiyaacha yote, utakula kokwa tu, na tawi litavunjika," Mama Seongil alimwambia. Akamtii.

Julai plamu zikaiva, nyekundu na nzito. Byeonggu alimpelekea Mama Seongil kapu la kwanza, akainama mbele yake mara mbili. Akamwambia kwamba msimu wa kupanda ukifika atavunja ile sementi ya chini ya gari, apande mche wa plamu ya manjano.

"Na gari?" Mama Seongil aliuliza.

"Litalala barabarani. Gari halitafuti mchumba."

Siku hiyo Yeonok alimshika mkono Bibi Geumrye, wakatembea polepole mpaka chini ya mti. Bibi alichagua plamu kubwa kuliko zote. Aliichuma mwenyewe, akaifuta kwa mkono wa nguo yake. Yeonok alingoja amwone akiuma.

Bibi Geumrye akaitia mdomoni mwa Yeonok.

"Kula, mwanangu."

Maji ya tunda yalimtiririka Yeonok kidevuni. Alitaka kushukuru, lakini mdomo ulikuwa umejaa.

"Nyamaza ule," Bibi Geumrye alimwambia, akimfuta kidevu kwa kidole. "Leo wa kushukuru ni mimi."